Mdomo wa Shija na Maelekezo ya Tanuri

Siku niliyostaafu, wenzangu wa ofisini walinipa birika la umeme, kadi yenye saini zao, na keki iliyoandikwa jina langu kwa makosa. Kazi yangu miaka yote ilikuwa kusahihisha maandishi, na hata dakika ya mwisho sikuachwa nipumzike. Keki niliila hivyo hivyo. Halafu Gareth, ambaye sasa ndiye mkubwa wa mafundi pale, akaniomba niandike niliyojifunza kazini kwa ajili ya wanaokuja. Yake nimemwandikia kwa Kiingereza, kavu, na ameridhika. Hii ni yenu, vijana wetu mnaotengeneza programu Landani, Dar na Mombasa, mnaoniuliza kila tukikutana: "Hivi Bi Zuhura, kuandika maelekezo nako ni kazi?" Ni kazi. Kaeni niwaeleze.

Kwanza mjue tulikuwa tukitengeneza nini. Kwenye nyumba za wazee, kule Barking na kwingineko, kila chumba kina kamba nyekundu inayoning'inia ukutani. Mzee akianguka anaivuta, na kisanduku kidogo kinampigia mlinzi wa zamu. Visanduku hivyo ndivyo vilivyokuwa vyetu. Ndani mna kompyuta ndogo kuliko biskuti, na ndogo hivyo huwezi kuitengenezea programu humo humo ndani, haina pumzi. Unaipika programu kwenye kompyuta kubwa, ikiiva unaimimina kisandukuni.

Chombo cha kupikia si chetu. Ni mfumo wa wazi, umeandikwa na watu wa kujitolea dunia nzima, na yeyote anaweza kuuchukua, kuusoma na kuurekebisha. Hata wao wenyewe, zile faili za kuueleza mfumo nini kiingie na kwa mpangilio gani, wanaziita mapishi. Jina lake rasmi ni refu na la Kiingereza. Mimi na Shija tuliuita Tanuri.

Nilifika hapo nikitokea idara moja ya mtaa, ambako nilikuwa naandika vipeperushi vya kuwaeleza watu taka ipi iingie pipa lipi. Kabla ya hapo nilifundisha kemia Tanga. Msicheke vipeperushi vya taka. Ukiweza kumfanya mtu mwenye haraka, asubuhi, kwenye mvua, aweke ganda la ndizi panapostahili, hakuna maelekezo yatakayokushinda.

Ofisi ilikuwa Woolwich, juu ya duka la vitambaa, karibu na soko. Ukifungua dirisha unapata hewa na harufu ya samaki wa kukaanga. Ukilifunga unapata ukungu. Bosi wetu alikuwa Fiona, Mskoti, mtu mwema, ambaye akisema jambo "linavutia" ujue limeharibika. Na fundi mkuu alikuwa Shija. Msukuma wa Mwanza, mrefu, mpole, mwenye koti moja la kijivu kwa majira yote. Aliposikia lafudhi yangu akasimama kabisa.

"Dada wa Tanga! Karibu, karibu sana. Hapa hutapata shida."

"Asante, kaka. Naomba maelekezo ya Tanuri nianze kuyasoma."

Akanipa. Nawatafsiria yote, maana hayachoshi. Andaa mashine kama kawaida. Chagua bodi. Pika tu. Ikigoma, niulize.

"Kama kawaida ya nani?" nikamuuliza.

"Ile ya kawaida tu, dada."

Ilinichukua wiki nzima kupika mara moja. Kila nilipokwama Shija alikuwa ameshafika mgongoni kwangu, anatabasamu, ananitoa. Hakuwahi kukunja uso. Ugonjwa wenyewe ulikuwa huo: mtu ana moyo wa kusaidia kiasi kwamba haoni haja ya kuandika. Na ni ugonjwa wetu sote, tusidanganyane. Nani kati yenu amewahi kumwelekeza mgeni nyumbani kwake mpaka mlangoni? Tunamwambia, "Ukishuka kituoni nipigie." Sisi hatutoi anwani, tunatoa namba ya simu. Mgeni anashuka Woolwich, simu imezima chaji, anazunguka soko zima na mfuko wake wa machungwa, na bado tunamlaumu kwa kuchelewa.

Basi Shija alikuwa ndiye maelekezo. Akiugua, Tanuri linaugua. Nimewahi kumpigia akiwa kwa daktari wa meno, mdomo wazi, akanijibu kwa sauti za "aa" na "oo", na nikafaulu kupika. Likizo kwake ilikuwa kubadilisha kiti. Mkewe na binti yao, Neema, walikuwa wamerudi Mwanza, yeye akabaki huku kwa ajili ya kazi, na kila mara alipokwenda kuwaona, sisi tulikwenda naye mfukoni, ndani ya simu yake.

Kuna siku moja ambayo mpaka leo inaniuma. Ilikuwa mahafali ya Neema ya chuo. Visanduku vya jengo moja viligoma, Fiona akasema inavutia, tukampigia Shija. Akatoka ukumbini, akasimama uani kwenye jua, akanisomea amri moja moja, herufi kwa herufi. Nikiwa naandika nikasikia kwa mbali, kwenye kipaza sauti, jina la Neema Shija linaitwa, na watu wanapiga makofi. Shija akangoja makofi yaishe. Kisha akasema, "Haya, dada, sasa weka nukta." Nikaweka nukta, machozi yananitoka.

Alivyorudi aliendelea na kazi kama kawaida. Lakini mwaka uliofuata alikuja mezani kwangu, akavuta kiti, na yule mtu hakai hovyo.

"Neema anaolewa."

"Hongera! Vifijo!"

"Amenipa sharti. Simu ya kazi ikilia siku ile, anamwambia anko wake Masanja amshike mkono kuingia kanisani. Hatanii, dada. Ameshamuuliza Masanja, na Masanja ameshanunua suti."

Tukaenda kwa Fiona kuomba ruhusa. Akaitoa papo hapo, kisha akatazama kalenda, akasema inavutia. Jumamosi ile ile ya harusi ndiyo wenye nyumba za wazee walikuwa wametupa ya kubadilisha programu ya visanduku vyote. Betri zilikuwa zinakwisha mapema kwa sababu ya kosa letu, na kisanduku kisicho na betri ni pambo la ukutani. Tarehe haikusogezeka. Kama kitu kingekwama siku hiyo, ama bibi wa watu anavuta kamba bure kule Barking, ama Masanja anavaa suti yake.

"Basi," nikamwambia Shija, "tutaandika maelekezo mpaka usihitajike."

Akaonekana kama mtu aliyeambiwa atang'olewa meno yote kwa wema.

Nikaanza na neno "tu". Fanya hivi tu. Bonyeza tu. Kila palipokuwa na "tu" nilikuta shimo ambalo Shija alikuwa analiruka kwa mazoea bila kuliona. Niliyafuta yote, na mahali pake nikaandika kinachofanyika hasa. Ukurasa ule ukanenepa mpaka ukawa mlango mzima wa kitabu.

Na kwa kuwa Tanuri ni la dunia, nilitaka sehemu isiyo ya ofisi yetu iingie kwenye maelekezo ya dunia. Huko hakuingiwi hivi hivi. Unatuma sahihisho lako mbele ya watu wote, na mlinzi wa maelekezo analikagua. Mlinzi wa wakati ule alijiita Moss. Sijui anaishi nchi gani, ila picha yake ilikuwa mti wenye theluji. Nikatuma la kwanza. Akajibu, "Hapana." Nikauliza kulikoni. Siku zikapita, jibu likaja: mstari wa mwisho una nafasi tupu mwishoni. Nafasi tupu! Kitu kisichoonekana! Nikamwambia Shija mtu huyu hakika hajaoa. Shija akasema ana mke na watoto wanne, wote wananyamaza. Nikafuta nafasi yangu, nikatuma tena. "Sawa," akaandika Moss. Nilipiga kigelegele ofisini, Fiona akakimbilia mtungi wa kuzimia moto.

Ikabaki kuyajaribu. Kanuni yangu tangu enzi za mapipa ya taka ni moja: chukua mtu asiyejua kitu, mpe maandishi, kisha funga mdomo. Usimsaidie hata akilia. Nyie mnadhani ni rahisi. Kumtazama mtu wako akihangaika bila kumsaidia, kwa malezi yetu, ni karibu na dhambi.

Nilimchukua wifi yangu, Mwanahamisi, muuguzi anayekaa Barking. Kompyuta kwake ni kitu cha kujazia zamu. Lakini ni mtu wa kufuata maandishi kama anavyofuata kipimo cha dawa, na nilimwahidi pilau. Jumapili mchana tukafika kwake, mimi, Shija na laptopu. Nikamkalisha Shija upande wa pili wa meza, nikamwekea bakuli la kaimati mbele yake.

"Ukitaka kusema, tia moja mdomoni."

"Sitasema, dada."

"Najua. Tia."

Mwanahamisi akaanza. Anasoma, anaandika, anasoma. Shija anatafuna. Alipokwama, Shija akatia kaimati, kisha nyingine juu yake, mashavu yakavimba, jasho jembamba likamtoka. Wifi akafikiri kidogo, akaendelea. Akakwama tena, akaendelea. Mwisho Tanuri likawaka, likaanza kupika, na sisi tukala pilau huku Tanuri likiendelea kuchemka. Lilipoiva bila kosa tulipiga makofi mpaka jirani akagonga ukuta. Bakuli lilikuwa tupu, na Shija hakuwa ametamka hata neno. Nilirudi Woolwich nikiimba ndani ya treni, watu wakasogea mbali nami.

Jumatatu tukampa Gareth. Ni kijana wa Wales, alikuwa mgeni kazini, msomaji mzuri. Siku ya harusi yeye ndiye angekuwa mpishi. Shija akakaa pale pale, upande wa pili wa meza, kimya. Gareth akaenda vizuri mpaka pa kuchagua bodi, yaani aina ya kisanduku unachopikia, ikatokea orodha ya majina yanayofanana kama mapacha. Akasimama. Akamtazama Shija. Akarudisha macho kwenye skrini haraka, masikio yamekuwa mekundu. Akachagua ya kwanza, Tanuri likagoma. Jioni ilifika hajapika chochote.

Nilichoka, wallahi. Nikaingia jikoni kuchemsha chai, Gareth akanifuata, akafunga mlango.

"Zuhura, samahani. Shija ni mzima?"

"Mzima. Kwa nini?"

"Ananibusu. Kwa mbali. Kila nikikwama."

Nikasimama na birika mkononi. Kisha nikampigia Mwanahamisi.

"Wifi, jana pale kwenye orodha ya bodi, ulijuaje uchague ya pili?"

"Si nilionyeshwa?"

"Na nani?"

"Na Shija."

"Shija hakusema neno!"

"Nimesema kasema? Kaonyesha. Kwa mdomo." Na nikajua, bila kumwona, kwamba huko Barking alikuwa amebinua midomo kunionyesha.

Jamani! Mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa pale, macho kodo, na sikuona. Nani anaona? Kwetu ukiuliza chumvi iko wapi, mtu anabinua midomo kuelekea kabati, unakwenda, unachukua, na ukiulizwa baadaye utaapa hakuna aliyekwambia. Mwanahamisi alisoma maandishi na alisoma midomo, na kwake vyote vilikuwa ukurasa mmoja. Yule Shija alikuwa na kaimati tele mashavuni na bado midomo ikapata nafasi ya kufanya kazi.

Nilimkuta mezani kwake.

"Bwana Shija, umekuwa ukionyesha kwa mdomo."

"Mimi? Sijaonyesha."

"Mwanahamisi kasema. Gareth kaona."

"Gareth gani kaona?" akasema, na midomo ikatoka, ikaelekea moja kwa moja kwenye kiti cha Gareth.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye alijishika mdomo, akautazama mkono wake, kisha akacheka, kisha akaacha kucheka. "Dada," akasema, "harusi ni wiki tatu zijazo." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kumwona Masanja ndani ya suti. Nami niliogopa, nakiri, kwa sababu nilisikia tena yale makofi ya mahafali.

Tukaanza upya. Wafanyakazi wengine wa ofisi tukawakalisha mmoja mmoja kwenye laptopu, na mimi sikumtazama tena anayepika. Nilimtazama Shija. Kila midomo ilipochomoza niliinua mkono, kazi ikasimama, nikamuuliza: "Hapo umesema nini?" Naye, kwa aibu, akalitafuta: "Nimesema bodi imeandikwa mgongoni mwa kisanduku, ukigeuza utaona namba." Nikaliandika. "Na hapo?" "Nimesema asiogope hayo maandishi mekundu, yatapita." Nikaliandika. Mambo ambayo hakuwahi kuyaandika popote, wala kujua kwamba anayajua, yalikuwa yanatoka kwa midomo. Tuliziita sentensi za mdomo. Mwisho mdomo ukatulia. Siku ya mwisho tulimtuma sokoni akanunue ndizi za kupika, Gareth akapika peke yake, na Shija aliporudi na mfuko wake akakuta Tanuri limeshaiva. Aliweka ndizi mezani, akasema, "Aha."

Akaondoka. Laptopu yake alinikabidhi kama anayepeleka mtoto shule ya chekechea, akiniambia inapenda nini na haipendi nini.

Jumamosi yenyewe tulikuwa ofisini mimi, Gareth na Fiona. Nilikuwa nimeiweka simu yangu ndani ya droo na kuukalia ufunguo wake. Gareth akaanza. Katikati akakwama. Maandishi mekundu yakajaa skrini juu mpaka chini, na Fiona akafungua kinywa.

"Usiseme inavutia," nikamwambia. "Tafadhali."

Gareth akanitazama. Mikono yangu nilikuwa nimeikalia, lakini niliisikia midomo yangu mwenyewe inaanza kwenda, naapa. Nikaibana kwa meno. Yeye akarudi kwenye ukurasa, akateremka kwa kidole, akasoma kwa sauti: "Usiogope maandishi mekundu, yatapita." Akavuta pumzi. Akakunja mikono. Tukangoja, na mekundu yakapita. Ilipofika alasiri visanduku vyote vilikuwa vimepokea. Fiona akampigia mlinzi wa zamu kule Barking, akamwomba bibi mmoja avute kamba, kengele ikalia, na bibi akauliza sasa anaweza kuendelea na kipindi chake cha televisheni.

Ndipo simu ikalia. Ndani ya droo. Sote tuliruka. Nikafungua, nikaona ni Shija.

"Dada Zuhura!" Nyuma yake muziki na vigelegele. "Vipi huko? Mbona hampigi?"

"Kwa sababu hatuna shida, kaka."

"Hata pale pa bodi?"

"Hata pale."

"Mekundu?"

"Yamepita."

"Yaani mmemaliza? Kabisa? Hamkunihitaji hata kidogo?" Na nilisikia kitu ambacho sikukitegemea: mtu wa watu ameumia.

"Bwana Shija," nikasema, "umemshika mkono Neema kanisani?"

"Nimemshika."

"Basi hilo ndilo tulilokuhitajia. Uko wapi sasa?"

"Chooni. Nimejificha."

Pakatokea kishindo cha mlango na sauti ya kike. "Baba! Nani amepiga, wao au wewe?" Kisha bi harusi mwenyewe akaishika simu. "Shangazi Zuhura, shikamoo. Amepiga yeye, siyo?"

"Marahaba, mwanangu. Yeye. Sisi tumekaa kimya kama ulivyotaka."

"Nilijua!" akasema Neema, akacheka, halafu akalia, nami nikalia, na Gareth, ambaye hakuelewa hata neno, akaleta tishu.

Miaka imepita. Moss aliwahi kuniuliza kwa nini kwenye masahihisho yangu naandika neno "mdomo" kila ninapoongeza hatua iliyosahaulika kwa sababu mwandishi anaiona dhahiri. Nikamweleza yote, na kaimati pia. Alijibu kwa maneno mengi kuliko kawaida yake: "Sawa. Nimeelewa." Tangu hapo watu wa nchi za theluji, ambao hawajawahi kuonyesha kitu kwa midomo maishani mwao, wanaandikiana: mdomo, ukurasa wa pili. Shija alipoambiwa alisema angependelea jina lake, lakini ameridhika.

Alistaafu kabla yangu, akarudi Mwanza. Mimi nimebaki hapa Woolwich na birika langu. Wiki ya kwanza ya kustaafu niliiweka simu karibu na sinki, nikiosha vyombo jicho moja likiwa hapo. Haikulia. Ya pili, kimya. Nilijua ni dalili ya kazi nzuri, na bado nilinuna. Jumanne ikalia, video, nikaidaka na mapovu mkononi. Shija, koti la kijivu, na joto lote lile la Mwanza.

"Wamekupigia?" akauliza.

"Hata mmoja."

"Hata mimi."

Tukatazamana, wazee wawili tusiohitajika. Nikamwambia nimemkumbuka, na akasema na yeye pia, na tukaona haya kidogo. Hapo nyuma yake Neema akapaza sauti, anauliza chupa ya maziwa ya mtoto iko wapi. Shija hakugeuka wala hakujibu. Alibinua midomo, akaielekeza upande wangu wa kushoto.

Nami nikageuka kuitafuta.